Namna ya Kupima Mechi ya Watani wa Jadi Kabla Haijachezwa: Mwongozo Kamili wa Mpira wa Vyuo vya Marekani

Wiki ya mwisho ya Novemba, Columbus, mji wa chuo cha Ohio State, na Ann Arbor, mji wa chuo cha Michigan, hakuna habari nyingine. Ohio State na Michigan walikutana mara ya kwanza 1897, na ubishi wa wiki hiyo huanza vilevile kila mwaka: kotabeki wetu, yule mrusha pasi, na wenu, mkali nani? Mkimbiaji wetu na wenu je? Watu hupanga majina nafasi kwa nafasi, wakahesabu nani kashinda nafasi ngapi, wakatangaza mshindi.

Tatizo ni kwamba makotabeki wawili hawakai uwanjani pamoja hata sekunde moja. Mmoja akiingia, mwenzake yuko benchi. Anayekutana na kotabeki wako ni safu yao ya ulinzi, na anayeamua kama atapata nafasi ya kurusha ni wazuiaji watano walio mbele yake. Kupima mechi ni kujua nani anasimama mbele ya nani, upande gani wa uwanja, katika hali gani, na kama pengo kati yao ni kubwa kiasi cha kocha kuweza kulirudia mara kumi. Ukishazoea njia hiyo, mtani wako anageuka kuwa chanzo kizuri kuliko mtangazaji yeyote, maana timu yake ameitazama msimu mzima na wewe hujaitazama.

Mifano humu ni ya Ohio State na Michigan, hasa mechi za 2021, 2022 na 2024, lakini hatua ni zilezile kwa watani wengine kama Alabama na Auburn au Army na Navy.

Sheria zinazogusa uchambuzi

Kwa mgeni wa mchezo: kila upande una wachezaji 11, na timu yenye mpira ina majaribio 4 ya kusogea yadi 10 (yadi moja ni sentimita 91). Ikifaulu inapata majaribio mengine 4. Tachidauni, yaani kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani nyuma ya mstari wa goli, ni pointi 6, kiki ya baada yake 1, au wakiamua kuuingiza mpira tena kwa kukimbia au kupasi, 2. Kiki ya kupita kati ya nguzo ni 3. Mshambuliaji akiangushwa akiwa na mpira ndani ya eneo lake la mwisho, wapinzani wanapata 2. Humu "mchezo" ni tendo moja tangu senta, mzuiaji wa katikati, atoe mpira hadi filimbi, na "mfululizo" ni michezo yote tangu timu ipate mpira hadi iuachie.

Aliyezoea ligi ya kulipwa ya NFL azingatie tofauti chache. Kwenye vyuo mguu mmoja ndani ya mstari unatosha kwa pasi kuhesabika. Mchezaji mwenye mpira akigusa goti chini mchezo umekufa, hata kama hakuna aliyemgusa. Wazuiaji wa mbele wanaruhusiwa kusogea hadi yadi 3 mbele kwenye mchezo wa pasi, wakati NFL ni yadi 1, na ndiyo maana vyuo vinacheza sana ule mchezo ambao kotabeki anaamua katikati kama ampe mkimbiaji mpira au arushe: lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya watu wa mbele wa ulinzi, anawaona wazuiaji wanakuja, anadhani ni mbio, kumbe mpira umeshapita juu yake. Tangu 2023 saa haisimami tena kila timu inapopata majaribio mapya, isipokuwa dakika 2 za mwisho za kila nusu. Tofauti kubwa kuliko zote ni michirizi ya katikati ya uwanja, na hiyo ina hatua yake hapa chini.

Hatua ya 1: Kusanya namba, kisha uzisafishe

Anza Jumapili au Jumatatu. Unahitaji orodha ya mchezo kwa mchezo ya mechi 4 au 5 za karibuni za kila timu, orodha ya wachezaji wa kwanza na wa akiba, na karatasi mbili. Karatasi ya kwanza iandike juu: ushambuliaji wetu dhidi ya ulinzi wao. Ya pili: ushambuliaji wao dhidi ya ulinzi wetu. Usiwe na karatasi ya tatu ya kulinganisha nyota.

Namba mbichi za vyuo zina uchafu wa aina tatu.

Wa kwanza ni mechi za kula bure. Timu kubwa nyingi hufungua msimu kwa kualika timu za daraja la chini na kuzifunga 50 au zaidi. Ziondoe zote, kwenye ushambuliaji na kwenye ulinzi.

Wa pili ni dakika ambazo mechi imeshaisha. Timu ikiongoza kwa pointi 28 robo ya tatu au 21 robo ya nne, wanaocheza ni wa akiba na kocha anataka saa iishe tu. Yadi za muda huo hazikwambii kitu kuhusu Jumamosi ijayo.

Wa tatu ndio unaowapoteza wengi. Kwenye takwimu za vyuo, kotabeki akiangushwa akiwa na mpira kabla hajarusha, yadi anazopoteza hupunguzwa kwenye yadi za mbio za timu. NFL huziweka upande wa pasi. Kwa hiyo "yadi za mbio" za chuo ni mchanganyiko wa mambo mawili yasiyohusiana. Tuseme timu imeandikiwa mbio 30 kwa yadi 120, wastani wa 4.0. Ukichungulia ndani unakuta kotabeki aliangushwa mara 3 na kupoteza yadi 24. Mbio zenyewe basi ni 27 kwa yadi 144, wastani wa 5.3. Timu ya 4.0 na timu ya 5.3 si timu moja. Fanya hesabu hiyo pande zote mbili, maana ulinzi unaosifiwa kwa kuzuia mbio mara nyingine una wakimbizaji hodari wa kotabeki tu, na katikati pake panapitika.

Ukishasafisha, hesabu michezo iliyofaulu. Jaribio la 1 limefaulu likipata nusu ya yadi zinazotakiwa. La 2 likipata asilimia 70 ya zilizobaki. La 3 na la 4 likizipata zote. Yadi 4 kwenye jaribio la 1 zikitakiwa 10 si mafanikio. Yadi 2 kwenye la 3 zikitakiwa 2 ni mafanikio kamili. Timu inayofaulu nusu ya michezo yake ni moto wa kuotea mbali. Ikiwa karibu na asilimia 42 ni ya kawaida. Chini ya 35, mwache mtani aongee atakavyo, timu yake ina shida. Kwa mechi moja kazi hii inachukua kama nusu saa ukiwa na kalamu, na inakupa picha ambayo jumla ya yadi haitakupa kamwe, kwa sababu mchezo mmoja wa yadi 70 unaweza kuficha michezo 40 mibovu.

Kwenye kupoteza mpira, tenganisha mipira iliyodondoshwa na pasi zilizonyakuliwa. Mpira ukidondoka chini, nani anauokota ni bahati tupu, karibu nusu kwa nusu kwa muda mrefu. Timu iliyookota 9 kati ya 11 msimu huu haina mikono maalumu; imebahatika, na bahati hiyo haina sababu ya kuendelea.

Hatua ya 2: Anza na watu wa mbele

Hapa ndipo utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Andika majina ya wazuiaji watano wa ushambuliaji kutoka kushoto kwenda kulia: wa pembeni kushoto, wa ndani kushoto, senta, wa ndani kulia, wa pembeni kulia. Mbele ya kila mmoja andika nani wa ulinzi atasimama hapo. Mtu wa pembeni anakutana na mkimbizaji wa kotabeki. Senta na wa ndani wanakutana na wale majitu wa katikati. Kando ya kila jina la mzuiaji andika ameanza mechi ngapi katika nafasi hiyohiyo. Mzuiaji mzuri aliyehamishwa kutoka kulia kwenda kushoto wiki mbili zilizopita ni mtu mwingine: mguu wa nyuma umebadilika, mkono wa kwanza kugusa umebadilika, na chini ya kelele anarudi kwenye mazoea ya zamani.

Mfano wa kutosha ni wa tarehe 30 Novemba 2024. Ohio State walikuwa nyumbani na walipewa nafasi ya kushinda kwa karibu pointi 20. Waliolinganisha majina walikuwa na haki ya kusema hivyo: wapokeaji wa Ohio State walikuwa wa kiwango cha juu kabisa, na Michigan walikuwa na ushambuliaji dhaifu wa pasi. Lakini Ohio State walikuwa wamempoteza mzuiaji wa pembeni kushoto, Josh Simmons, tangu Oktoba, na senta wao, Seth McLaughlin, aliumia Novemba mazoezini. Katikati ya ulinzi wa Michigan walisimama Mason Graham na Kenneth Grant, wawili wa kuogopwa. Yaani pengo lilikuwa palepale majitu yaliposimama. Ohio State walikimbia mara 26 kwa yadi 77, wakafunga pointi 10, wakapoteza 13 kwa 10. Timu hiyohiyo ilikwenda kuchukua ubingwa wa taifa Januari 2025. Haikuwa timu mbovu. Ilikutana na sehemu moja iliyokuwa mbaya kwake na ikaendelea kupiga hapohapo.

Kwa hiyo swali la pili baada ya "pengo liko wapi" ni "je, kocha atalikwepa?" Angalia mechi zao ngumu za msimu: mbio za katikati zilipogoma, waliendelea nazo au walihamia pasi fupi za pembeni? Kocha aliyeshikilia mara tatu atashikilia na ya nne, hasa kwenye mechi ambayo kila mtu anataka kuonyesha ubabe.

Namna ya kuwasoma kwa macho: rudisha video, na kwa sekunde 2 za kwanza usitazame mpira. Mtazame mtu mmoja tu wa mbele kwa michezo 15 mfululizo, kisha uhamie wa pili. Kwa mzuiaji wa pembeni angalia miguu. Akianza kuvusha mguu mmoja juu ya mwingine, au akiinama kiunoni badala ya magotini, mkimbizaji mwenye kasi atampita kwa nje. Kwa mtu wa katikati wa ulinzi angalia anaishia wapi: akibaki kwenye mstari au mbele yake ameshinda, hata kama jina lake halimo kwenye takwimu. Kwa mkimbiaji angalia anaguswa wapi mara ya kwanza. Akiguswa nyuma ya mstari mara kwa mara, tatizo si yeye, wala kumbadilisha hakutasaidia.

Jihadhari na timu inayorusha pasi fupi mno. Mpira ukitoka mkononi mwa kotabeki ndani ya sekunde 2, wazuiaji wake wataonekana hawajaruhusu kitu. Tafuta majaribio ya 3 yenye yadi 8 au zaidi, pale analazimika kusubiri wapokeaji wafike mbali. Ukweli wa wazuiaji uko kwenye michezo hiyo.

Mechi ya 2021 pale Ann Arbor ilikuwa upande wa pili wa jambo lilelile. Michigan walikimbia yadi 297, Hassan Haskins akafunga tachidauni 5, na Aidan Hutchinson akamwangusha kotabeki wa Ohio State mara 3. Matokeo 42 kwa 27. Walioshinda mbele walishinda mechi, pande zote mbili za mpira.

Hatua ya 3: Upande mpana na upande mwembamba

Uwanja una upana wa futi 160. Michirizi ya vyuo iko futi 60 kutoka kila pembeni, kwa hiyo kati yake kuna futi 40. NFL ni futi 18 na inchi 6 tu. Mchezo ukifia karibu na pembeni, mpira unarudishwa kwenye mchirizi wa karibu, na hapo upande mmoja unabaki na futi 60, mwingine 100. Kwenye NFL ni karibu 71 kwa 89. Kocha wa chuo anachora mpango mzima juu ya futi hizo 100.

Jambo la kuuliza: beki wa pembeni wa kila timu anakaa upande mmoja tu, kushoto au kulia, au anahama kufuata upande mpana? Timu nyingi humweka beki mwenye nguvu upande mwembamba, kwa kuwa huko anasaidia kuangusha wakimbiaji na mstari wa pembeni unamsaidia kukaba. Mwenye kasi huenda upande mpana. Baada ya hapo tafuta mpokeaji wenu bora hupangwa wapi. Kama kila mara yuko upande mwembamba dhidi ya beki wao bora, ubora wake unapungua kabla mechi haijaanza. Kama kocha humhamisha, au humpanga ndani karibu na wazuiaji, wao ndio wenye kazi: nani atamkaba huko? Huyo wa tatu au wa nne ndiye jina unalotafuta.

Pasi ya kwenda upande mpana inasafiri mbali hata kama inapata yadi 8 tu. Kotabeki mwenye mkono wa wastani akiirusha kwa kuchelewa, beki anaitangulia na kukimbia nayo hadi mwisho. Ukiona kotabeki anazikwepa pasi hizo msimu mzima, ujue kocha wake analijua hilo, na ulinzi wa wapinzani utajazana upande mwembamba.

Kujua kama ulinzi unakaba mtu au eneo, subiri mpokeaji ahame kutoka upande mmoja kwenda mwingine kabla mpira haujatoka. Beki akimfuata, ni mtu kwa mtu. Wakisogea kidogo tu kila mmoja mahali pake, ni eneo. Hesabu mara 20 na utajua wanapenda nini, hasa kwenye jaribio la 3.

Kisha uliza swali la hatari: wakikosea, nani yuko nyuma? Mwaka 2022, Columbus, Ohio State waliwasogeza mabeki wa mwisho karibu na mstari, wakakaba mtu kwa mtu nyuma yao. Michezo mingi waliizuia vizuri. Michigan walifunga tachidauni 6, na 5 kati yake zilikuwa za yadi 45 au zaidi: pasi mbili kwa Cornelius Johnson za yadi 69 na 75, moja ya yadi 45 kwa Colston Loveland, na mbio mbili za Donovan Edwards za yadi 75 na 85. Kila mara mtu mmoja aliponyoka, hakuna aliyekuwa nyuma. Ulinzi wa aina hiyo usiupime kwa wastani wa yadi. Hesabu michezo ya yadi 20 na zaidi iliyoruhusiwa, na uandike nani alikosa kumwangusha mwenye mpira.

Hatua ya 4: Hali tatu ndogo

Jaribio la 3 na yadi 1 au 2: timu ina mchezo inaoutegemea, na mtani wako anaujua. Je, ni kotabeki anayekimbia mwenyewe? Kama ndiyo, ushambuliaji unapata mzuiaji mmoja wa ziada, maana mkimbiaji naye anazuia, na ulinzi lazima ulete mtu mwingine mbele.

Yadi 20 za mwisho: nyuma ya mstari wa goli kuna yadi 10 tu, kwa hiyo mabeki wa mwisho hawana umbali wa kuogopa na kasi ya wapokeaji inapungua thamani. Wapokeaji warefu, mataitiendi (wapokeaji wakubwa ambao pia huzuia) na nguvu za mbele ndivyo vinavyofunga hapa. Timu inayoishi kwa pasi ndefu mara nyingi huishia na kiki za pointi 3.

Dakika 2 za mwisho za nusu ya kwanza: angalia nani anaanza na mpira nusu ya pili. Timu inayofunga kabla ya mapumziko na kuanza na mpira baada yake inaweza kupata pointi 14 bila mpinzani kugusa mpira.

Hatua ya 5: Wapiga kiki na upepo

Umbali wa kiki ni mstari wa mpira ukiongeza yadi 17: 10 za eneo la mwisho na 7 za kurudi nyuma. Mpira ukiwa yadi ya 30, kiki ni ya 47. Kwa kila mpigaji andika amefunga ngapi za chini ya 40 na ngapi za 40 hadi 49, na usichanganye na zile za baada ya tachidauni. Upepo wa kilomita 25 kwa saa na zaidi, ukiwa wa kukatiza, unatosha kukufanya uiondoe kabisa kiki ya 45 kwenye hesabu. Mvua nyepesi inasumbua pungufu kuliko watu wanavyodhani.

Mechi ya 2024 ilikuwa ya tofauti ya pointi 3. Ohio State walikosa kiki mbili za yadi 34 na 38. Dominic Zvada wa Michigan akafunga ya yadi 21 zikiwa zimebaki sekunde 45. Wengi hawaiweki safu hii juu ya karatasi hadi leo.

Hatua ya 6: Nani anacheza kweli

Vyuo havikuwa na desturi ya kutangaza majeruhi, na makocha bado wanaficha. Big Ten, ligi ya Ohio State na Michigan, tangu 2023 inadai kila timu itoe orodha ya wasiocheza na wenye mashaka saa 2 kabla ya mechi. SEC, ligi ya Alabama na Auburn, tangu 2024 inaanza siku tatu kabla, kwa mechi za ligi, na orodha ya mwisho hutoka dakika 90 kabla. Mechi ya Ohio State na Michigan kwa kawaida huanza saa 6 mchana kwa saa za Columbus. Mwishoni mwa Novemba hiyo ni saa 2 usiku Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, saa 1 usiku Bujumbura, Kigali na Lubumbashi, saa 3 usiku Muscat. Aliyeko Mombasa basi orodha ataiona saa 12 jioni. Usifunge utabiri kabla ya hapo.

Angalia pia adhabu. Kwa sheria ya hadi msimu wa 2025, mchezaji aliyetolewa nusu ya pili kwa kumgonga mpinzani kichwani alikosa nusu ya kwanza ya mechi iliyofuata; hakikisha sheria ya msimu unaoupima. Beki wa mwisho anayerudi robo ya tatu anabadilisha karatasi yako katikati ya mechi.

Majeruhi hawana uzito sawa. Mwaka 2022 mkimbiaji nyota wa Michigan, Blake Corum, alikuwa na goti bovu na alishika mpira mara 2 tu. Edwards aliyemrithi alikimbia yadi 216. Mkimbiaji anabadilishika iwapo walio mbele yake wapo. Senta habadilishiki kirahisi hivyo, maana ndiye anayetoa mpira na ndiye anayewaambia wenzake nani anamzuia nani. Baada ya kotabeki mwenyewe, mpangilio wangu wa uzito ni huu: mzuiaji wa pembeni upande asiouona kotabeki, senta, jitu la katikati la ulinzi, beki wa pembeni namba moja, kisha wapokeaji, na mkimbiaji mwishoni.

Hatua ya 7: Kaa na mtani

Columbus wiki hiyo watu huchora msalaba juu ya kila herufi M chuoni, na jina Michigan wengi hawalitamki. Wanasema timu ya kule kaskazini. Utani huo ni sehemu ya mechi na uuheshimu. Lakini tenga saa moja ya kazi, kila mmoja na karatasi zake mbili, iwe mezani Dayton au Grand Rapids, au kwa simu kati ya Ohio na Arusha.

Utaratibu unaofaa ni kila mmoja kuieleza timu yake mwenyewe kwanza, udhaifu kabla ya sifa. Mtani akianza kusifu, mwulize maswali ambayo hayana jibu la majigambo. "Senta wenu akitoka, nani anaingia, na ameshacheza dakika ngapi?" "Mkiwa jaribio la 3 na yadi 9, mpira unakwenda kwa nani?" "Mechi gani mlishinda ambayo ilikutia hofu, na kwa nini?" Swali hili la mwisho ndilo linalotoa siri nyingi. Shabiki anayeijua timu yake anakumbuka hofu vizuri kuliko ushindi.

Mkibishana juu ya mchezaji mmoja, fungueni video, tazameni michezo 10 yake pamoja. Msitumie klipu za mitandaoni, zimechaguliwa. Msibebe historia pia: rekodi ya miaka 20 haimzuii mtu yeyote Jumamosi, wachezaji karibu wote wameshabadilika, na wanaohama vyuo kila msimu wanafanya hata miaka miwili kuwa mbali. Na hawa ni wanafunzi wa miaka 18 hadi 22 hivi. Kumchambua mpigaji kiki mezani ni haki yenu. Kumwandikia matusi kwenye ukurasa wake ni uonevu.

Hatua ya 8: Andika utabiri unaoweza kukosolewa

Kadiria kwanza idadi ya mifululizo. Timu mbili za pasi za haraka zinaweza kufika 13 kila upande; timu mbili za mbio, kwa sheria ya saa ya sasa, 9 au 10. Timu dhaifu inapenda mifululizo michache, kwa kuwa bora anapata nafasi chache za kuonyesha ubora. Kisha chukua pointi za kila mfululizo kutoka namba zako safi. Ushambuliaji wenu unapata 2.6, ulinzi wao unaruhusu 1.6: wastani ni 2.1, mara mifululizo 10 ni pointi 21. Fanya hivyo upande wa pili. Uwanja wa nyumbani mpe pointi 2 au 3. Makelele ya watu zaidi ya 100,000, iwe Ohio Stadium au Michigan Stadium, huwafanya wazuiaji wageni waanze kabla ya wakati, na kila kosa la aina hiyo ni yadi 5.

Chini ya matokeo andika masharti matatu yenye majina, kwa mfano: "Mzuiaji wetu wa ndani kulia akisukumwa nyuma zaidi ya mara 5 nusu ya kwanza, hatufiki 20." Sharti lisiloweza kuhesabika, kama "tukicheza kwa moyo", lifute.

Mechi ikianza, mifululizo miwili ya kwanza ya kila timu usiitumie kuhukumu. Michezo hiyo, mara nyingi 15 au zaidi, imepangwa tangu katikati ya wiki. Mfululizo wa tatu ndio wa kutazama kwa makini: hapo kocha ameshaona mpinzani amejipangaje, na mchezo anaourudia ndio unaokwambia yeye pengo ameliona wapi. Linganisha na karatasi yako, na kama ameona pengine, badilisha karatasi kabla ya mapumziko.